Paa la Mzee Wanyonyi

Katika nyumba ya Mzee Wanyonyi, pale Kitengela, kulikuwa na mikebe miwili ya sukari. Mmoja ulikuwa wa sukari iliyonunuliwa kwa pensheni yake, na chai yake ilitiwa kutoka humo. Wa pili ulikuwa wa sukari aliyoileta binti yake Nanjala, na huo mzee hakuugusa hata siku ule wake ulipobaki mtupu. Siku kama hiyo alikunywa chai bila sukari, akaimeza kama mtu anayemeza dawa ya malaria, halafu akamsifu mkewe kwamba leo chai imekolea. Mkewe, Mama Tabitha, alichota vijiko vitatu kutoka mkebe wa binti na kukoroga kwa kelele.

Kosa la sukari ile lilikuwa moja tu: ilitoka mnarani. Nanjala alikuwa fundi wa minara ya simu, yule unayemwona juu kabisa, mdogo kama siafu, ukajiuliza kama mama yake anajua. Mama yake alijua. Baba yake pia alijua, na ndiyo sababu ya ile mikebe.

Wanyonyi alitumia ujana wake wote akitunza stoo ya kiwanda cha saruji huko Athi River. Alivaa tai kila siku, ijapokuwa vumbi la saruji halijui tai ni nini. Alitoka Kimilili akiwa kijana, akapata kazi, akapata ploti, akajenga, akasomesha. Ndoto yake kwa Nanjala ilikuwa fupi na safi: meza, kiti kinachozunguka, na kivuli. Matokeo ya Form Four yalipotoka, hayakuwa ya kupigiwa vigelegele wala ya kufichwa chini ya godoro. Mzee akampeleka chuo cha biashara, na Nanjala akaenda, kwa kuwa hakuwa mtoto wa kujibizana.

Lakini macho hayana pazia. Aliwaona vijana wa mtaa wenye digrii wakishinda kwenye ngazi za maduka, viatu vimepigwa rangi, wakingoja simu ambayo haikulia. Halafu karibu na chuo ukaanza kujengwa mnara. Nanjala akawa hali chakula cha mchana. Anasimama nje ya ua wa waya, anatazama watu wakipanda. Siku moja alimwuliza msimamizi wao, mtu mnene wa maneno machache aitwaye Obura.

"Hii ulisomea wapi?"

"Form Four, halafu kozi ya wiki chache. Kupanda, kuokoa mwenzako akikwama, na huduma ya kwanza," Obura alimjibu. "Hiyo ingine yote nilisomea huko juu."

"Na inalipa?"

Obura alielekeza kidevu kwenye pikapu iliyoegeshwa pembeni, mali yake. "Inalipa kwa sababu wengi wakifika hapo katikati wanakumbuka mama yao."

Muhula ulipokwisha, Nanjala hakurudi chuoni. Alimwambia mama, hakumwambia baba. Akafanya ile kozi, akapimwa macho na moyo, akapata cheti, akamwendea Obura na viatu vyake mkononi. Miezi ya kwanza hakupanda hata hatua moja. Alikunja kamba, akabeba nyaya, akaungua jua la Kisaju hadi ngozi ya pua ikabanduka. Alikuwa mtu wa chini.

Nawe usidharau cheo hicho. Katika kikosi cha Obura hakuna aliyepanda bila mtu wa chini. Kazi yake ni kushika kamba, kutazama juu, na kutofanya jambo lingine lolote. Kabla ya kuweka mguu, anayepanda huita, "Chini?" Mwenzake hujibu, "Niko." Usipojibiwa hupandi, hata kama mkubwa wa kampuni amesimama hapo akitazama saa. Obura aliwahi kumfukuza kazi jamaa mmoja kwa kusoma ujumbe wa simu akiwa ameshika kamba ya mwenzake. Hakumgombeza. Alimpa nauli tu.

Siku Nanjala alipopanda mara ya kwanza, alipofika katikati alimkumbuka mama yake kweli, akamkumbuka na baba, akawaambia wote wawili wangoje kidogo, akaendelea. Tangu siku hiyo hakutazama nyuma. Kabla mwaka haujageuka alikuwa akilipwa kuliko alivyowahi kulipwa baba yake, tai na yote. Huko Bisil, siku za soko la mifugo, wafugaji walimzoea. Bibi mmoja muuza maziwa alimsalimu kila asubuhi kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akajibu, "Iko," na akishuka jioni yule bibi alimwuliza swali moja tu: mvua inanyesha upande gani. Nanjala alinyoosha mkono, na kesho yake ng'ombe walielekea huko huko.

Mzee Wanyonyi alipata habari kanisani. Nalianya, mzee mwenzake wa kanisa, alikuwa amemwona binti akining'inia juu ya mashamba ya maua ya Isinya na akadhani anastahili pongezi. Wanyonyi alirudi nyumbani bila kumngoja mkewe.

"Kwetu mwanamke hapandi paa la nyumba," alimwambia Nanjala jioni ile. "Akipanda, anamwitia mwenye nyumba kifo. Hiyo unajua."

"Papa, mnara si nyumba."

"Mnara ni nini kama si paa refu?"

Wanyonyi alikuwa Mkristo wa kukaa kiti cha mbele, lakini mwiko huu haukuwahi kubatizwa. Na tuseme ukweli, mwiko ulikuwa nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ilikuwa woga. Usiku upepo ulipopiga mabati alilala macho wazi akimwona mtoto wake juu ya chuma, na kwa kuwa mwanamume wa rika lake hasemi "naogopa," alisema "mwiko." Tangu siku hiyo sukari ikatengana.

Nanjala angeweza kuishi na mikebe miwili. Kilichomuuma ni kutumwa. Kwao mtu haendi kazini kama mbuzi aliyekata kamba. Baba husimama naye langoni, humshika mkono, husema, "Nimekutuma. Enda, urudi." Wanjala, kaka yake, alitumwa alipopata kazi ya ualimu. Alitumwa mwezi wa Disemba, huko Kimilili, kwa sababu mzee alishikilia kwamba mtu hutumwa kutoka nyumbani, na Kitengela si nyumbani. Kitengela ni nyumba tu ya njiani. Nyumbani ni Kimilili, walikolala wazee. Mama Tabitha alikuwa amelisikia neno hilo zaidi ya miaka ishirini, yeye aliyeupanda mpera uani na kuuchotea maji kwa ndoo kabla mtaa haujapata bomba. Kila alipolisikia alikumbuka ana kazi jikoni.

Watu wanaweza kumcheka Nanjala, msichana wa kizazi cha simu, kutaka maneno matatu ya langoni. Lakini ukiwa juu kule, upepo wa Kajiado unakusukuma kifua kama mtu mwenye ugomvi nawe, unataka kujua kwamba kuna aliyekutuma. Yeye alipanda kila siku akijua hakutumwa. Alipanda hata hivyo, ila alichoka kupanda hivyo.

Basi mwezi wa Aprili kampuni ikampa kikosi chake mwenyewe. Minara yote kutoka Isinya hadi mpakani Namanga ilikuwa ibadilishwe vifaa, na yeye awe kiongozi, akae Bisil msimu mzima. Obura, aliyechoshwa na magoti yake, aliomba mwenyewe awe mtu wake wa chini. Wangeondoka Jumanne. Nanjala alimwambia baba yake Ijumaa.

Mzee alikunja gazeti. "Ukienda, enda. Lakini mimi sijakutuma."

"Nitaenda, Papa," Nanjala alisema. "Lakini Jumanne nitasimama kwa geti. Nitangoja hapo mpaka gari ikuje."

Alisema kwa adabu, bila kuinua sauti, na mzee akajua kwamba atasimama kweli. Uchungu ni kwamba ukaidi huo aliutambua. Ulikuwa wake.

Jumamosi usiku upepo ulikuja na mvua, ukang'oa mabati mawili na kofia ya paa, ile ya kufunika mgongo wake, juu ya chumba cha wazee. Asubuhi bati moja lilionekana limekumbatia ua wa jirani. Fundi wa paa wa mtaa ule, Kiragu, alipigiwa simu, akasema ana nyumba nyingi zilizovuliwa na kwamba atafika Jumatano, Mungu akipenda. Obura alikuwa ndani ya basi akitoka mazishini Homa Bay. Walipotoka kanisani, upande wa Ngong kulikuwa kumeshatanda mawingu meusi. Dari la chumba lilikuwa limelowa na kufanya tumbo, na Mama Tabitha alikuwa akizunguka chini yake na beseni. Mvua moja tena na lile dari lingelala kitandani kabla yao.

Nanjala aliingia chumbani mwake, akatoka na mkoba wa kazi. Akautua mezani, akatoa kamba, kofia ngumu, na ile mikanda ya kuvaa mabegani na mapajani.

"Hiyo ni ya nini?" mzee aliuliza, ingawa hakuwa kipofu.

"Papa, niruhusu. Ni kazi ya nusu saa."

"Kwa paa langu? Mimi nikiwa hai?"

Nanjala hakuwa amepanga maneno. Yalimjia tu, pengine kwa kuwa yalikuwa yamesemwa ndani ya nyumba ile tangu azaliwe.

"Papa, si umesema siku zote hapa si nyumbani? Mwiko ni wa nyumbani. Hii ni nyumba ya njiani tu. Sasa kunizuia ni kwa nini?"

Mama Tabitha alikuwa akipita na beseni. Alisimama. Maji yalicheza ndani ya beseni, halafu yakatulia.

Mzee alijikuta amebanwa na mlango wake mwenyewe. Akisema hapa si nyumbani, binti anapanda bila kosa. Akisema ni nyumbani, mkewe amekuwa na haki miaka ishirini na zaidi bila kupewa. Mwanamume mwingine angeiona njia rahisi na kuipita mbio: mwiko haukuvunjika, paa limezibwa, watu wanywe chai. Wanyonyi naye aliiona. Aliitazama muda mrefu. Kisha akamtazama mkewe, mikono yake imekunjamana kwa maji ya chumbani mwao. Mzee akatoka, akasimama uani kando ya mpera. Nanjala akamfuata.

"Nikisema hapa si nyumbani ndio upande, nitakuwa nacheza na mambo ya wazee kama karata," mzee alisema bila kugeuka. "Na nitakuwa nimedanganya mama yako tena. Hapa ni nyumbani, Nanjala. Ni nyumbani tangu kitambo. Na bado nasema, panda."

"Na mwiko?"

"Mwiko ni wangu. Si unaua mwenye nyumba? Wacha mimi niongee na Mungu. Wewe ongea na mabati."

Nanjala alitaka kushukuru, lakini lililotoka mdomoni lilikuwa la kazini.

"Siwezi panda, Papa."

Mzee aligeuka. "Kwa nini tena?"

"Sina mtu wa chini."

Alimweleza. Mama hawezi, pressure yake inampa kizunguzungu akitazama juu hata kwa kuanika nguo. Mzee alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza maagizo ya stoo, akauliza kazi hasa ni ipi.

"Kushika kamba, kuangalia juu, na kutofanya kitu ingine."

"Hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, na ni ngumu."

Mzee alivua koti la kanisa, akaliangika kwenye tawi la mpera. Tai aliiacha. Nanjala alirusha kamba ikapita juu ya paa, akaizungusha kwenye nguzo ya chuma ya tangi la maji upande wa pili, akamwonyesha baba jinsi ya kuilegeza kidogo kidogo na jinsi ya kuikaza ghafla. Alimfanya arudie mara tatu hadi akaridhika. Baba alikasirika ile mara ya pili, akanyamaza ile ya tatu. Kisha Nanjala akazunguka nyumba hadi kwenye ngazi, akajifunga, akavaa kofia. Sasa nyumba nzima ilikuwa kati yao, hakumwona baba wala baba hakumwona yeye.

"Chini?"

Radi tu ilisikika mbali. Nanjala alikuwa na mguu chini na mkono kwenye ngazi, na mguu haukuondoka. Mama Tabitha alichungulia dirishani, akamwona binti anangoja. Mvua ilikuwa inakuja na msichana amesimama tu, lakini sheria ni sheria.

"Chini?"

"Niko," mzee alisema.

Baadaye Mama Tabitha alieleza kilichomchelewesha mzee. Alikuwa akiomba, na yeye hakuwa mtu wa kukatiza ombi kabla ya amina.

Nanjala akapanda. Alipofika mgongoni mwa paa alimwona baba yake chini, shingo imepinda nyuma, mikono miwili imeng'ang'ania kamba kana kwamba upande wa pili kuna ng'ombe dume. Hakumpungia mkono, maana angemfanya naye apunge. Akashika kazi. Alinyoosha bati lililopindika, akavuta la pili, akapigilia misumari mmoja baada ya mwingine, akarudisha kofia ya paa. Mara moja mguu ulimteleza kwenye bati lenye maji, akashuka kiasi cha mkono mmoja, na kamba ikakaza hapo hapo. Akajiinua, akaendelea. Jirani alipita akasema, "Mzee, habari ya kanisa?" akanyimwa jibu, akaenda zake akidhani wamekosana. Mzee hakuwa amemsikia. Hakuwa na nafasi ya mtu mwingine duniani.

Mvua ilianza Nanjala alipokuwa hatua ya mwisho ya ngazi. Wote watatu wakaingia chumba cha wazee, wakasimama wakitazama dari. Mvua ilipiga juu kwa hasira. Hakuna tone lililoshuka.

Mama Tabitha alileta chai na mikebe miwili, kama kawaida. Mzee alikaa, viganja vimechubuka na kamba, shingo imekakamaa. Akavuta mkebe wa binti, akatia kijiko kimoja, akaonja, akatia cha pili.

"Kwani nyumba moja inataka mikebe miwili ya nini?" alimwuliza mkewe.

"Hata mimi nimekuwa nikijiuliza," Mama Tabitha alisema, akaondoa ule mwingine.

Hakuna aliyezungumzia Jumanne. Nanjala hakuuliza. Mtu aweza kukuruhusu upande paa lake kwa sababu linavuja, na bado asikutume mnarani. Jumatatu alifua, akapanga mkoba, akahesabu karabina zake, zile pete za chuma za kufungia kamba. Mzee alishinda akisoma gazeti lile lile.

Jumanne kulipopambazuka Nanjala alisimama getini na mkoba wake, kama alivyosema. Pikapu ya Obura ilifika. Obura akashuka, akasalimu, akapakia mzigo. Mzee Wanyonyi alitoka amevaa tai, akampita binti yake bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kwa Obura.

"Ni wewe mtu wake wa chini?"

"Ni mimi, mzee."

"Simu yako huwa unaweka wapi ukishika kamba?"

"Kwa mfuko, mzee. Nimeizima."

"Weka kwa gari."

Obura alimtazama, akaona mikono yake iliyochubuka, akaelewa anaongea na mtu wa kazi. "Nitaweka kwa gari," alisema, na hakucheka.

Akaingia garini, akawasha. Nanjala hakusogea. Alikuwa amesema atangoja, na alikuwa anangoja, ingawa macho yalianza kumuuma. Mzee alisimama na mgongo wake kwao, anatazama barabara ya Namanga ikipata mwanga. Halafu akarudi, akamshika binti yake mkono kwa kiganja kile chenye vidonda.

"Nimekutuma," alisema. "Enda, urudi nyumbani."

Mama Tabitha alikuwa amesimama mlangoni, na safari hii hakukumbuka kazi yoyote jikoni.